Mihuri Kumi ya Chai

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Si kwa woga, jamani, ni kwa heshima tu, na pia kwa sababu nimeambiwa jina hilo likitajwa mara tatu kwenye simu kuna taa mahali fulani inawaka. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Na mkiona inafanana na mahali mnapopajua, basi macho yenu yana kasoro, nendeni mkapimwe.

Katika nchi hiyo polisi na raia walipendana sana. Walipendana kwa amri, tena amri iliyochapishwa. Ilianza pale Kamishna Mkuu Zegega aliporudi kutoka semina ya ng'ambo, alikokaa wiki mbili hotelini akajifunza maneno mawili, taarifa na jamii. Aliita watu uwanja wa mpira, akapanda jukwaani na kofia yake iliyojaa nakshi za dhahabu, akakohoa kwenye kipaza sauti mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Zamani polisi alikuwa anamjua mwizi tu. Ule ulikuwa ubaguzi! Raia mwema anazaliwa, anakua, anakufa, polisi hata hana habari naye. Je, hiyo ni haki? Kuanzia leo, polisi atamjua kila mtu!"

Watu wakapiga makofi. Asiyepiga alionekana, maana askari walikuwa wamepangwa wakitazama watu, si jukwaa. Kabla ya kuondoka Kamishna Mkuu alisaini kitabu cha wageni, kwa mbwembwe zake. Hakuwahi kupita mbele ya kitabu kilichofunuliwa chenye kalamu pembeni bila kusaini. Ndivyo wakubwa wa nchi ile walivyo, wakiona kalamu mkono unawawasha.

Basi vikaletwa vitu viwili. Cha kwanza ni mfumo wa mashine ulioitwa Tujuane. Kila kituo cha polisi, na vilikuwa mia moja na kumi na viwili, kikapewa kishikwambi, na kila kizuizi cha barabarani kikapewa chake. Ukiandikwa leo mtaani Bondeni, unasomeka mpakani kabla hujamaliza kupiga chafya. Cha pili kiliitwa Chai na Afande. Kila Jumamosi saa tatu asubuhi raia waende kituo cha mtaa wao, wakae kwenye viti, wanywe chai na askari, wazoeane. Kwenye ukuta wa kila kituo kikaandikwa kwa rangi ya buluu: AFANDE NI NDUGU, NA NDUGU HAMFICHI NDUGU KITU.

Kulikuwa na kajambo kadogo tu. Tujuane ilikuwa msaada kutoka nchi ambayo watu wake hawana desturi ya kwenda kituoni kunywa chai. Ukurasa wake wa kwanza uliuliza jina, simu, makazi, kisha ukauliza: Sababu ya kufika kituoni. Chini yake palikuwa na visanduku vinne. Mtuhumiwa. Mlalamikaji. Shahidi. Maiti. Cha tano hakikuwepo.

Koplo Fungameza, aliyekabidhiwa kishikwambi cha kituo cha Bondeni, alikuwa mtu mwangalifu. Aliandika barua makao makuu kuuliza mnywa chai aingizwe kisanduku gani. Jibu lilirudi baada ya siku tatu, na lilikuwa la maneno mawili: "Tumia busara."

Koplo akaitumia. Ukibonyeza Mlalamikaji, mashine inadai kurasa tisa. Ukibonyeza Shahidi, kumi na nne na picha mbili. Maiti lazima aletwe na daktari. Lakini Mtuhumiwa! Mtuhumiwa unabonyeza mara moja tu, kishikwambi kinasema ahsante. Na foleni ya chai ilikuwa ndefu, na sukari ilikuwa inaisha. Basi mtaa mzima wa Bondeni, wazee kwa watoto, ukawa watuhumiwa asubuhi moja, vikombe mkononi, wakisifia maandazi.

*

Katika watu hao alikuwamo Lugendo Masanilo, fundi baiskeli. Mtu mwenye maneno mengi, mpenda chai ya vijiko vinne vya sukari, asiyeweza kusikia mlio wa cheni bila kusimamisha mwenye baiskeli. Mkewe, Nyamizi, hakwenda siku ile, alikuwa na unga wa vitumbua umeumuka na unga ukiumuka haukusubiri. Lugendo alirudi akicheka peke yake.

"Mke wangu, serikali imeweka iliki kwenye chai!" akasema. "Iliki! Na nimepewa kadi."

Akamwonyesha. Kadi ya Mdau, ngumu, ya njano, yenye viduara kumi vya kugongewa mihuri. Kimoja kilikuwa kimeshagongwa. Akaiweka mfuko wa shati, upande wa moyo, akaipapasa.

Jumatano akapanda basi kwenda mkoa wa kusini kununua spoku na mipira ya ndani, kama afanyavyo kila mwezi. Ijumaa kondakta wa basi lile akaja kwa Nyamizi na mfuko wa safari wa mumewe. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Kwenye kizuizi cha tatu, dada," akasema. "Walimwambia aseme jina. Akasema. Mashine ikawaka nyekundu. Wakamuuliza, mbona unafahamika kituoni Bondeni? Akasema ndiyo, nafahamika sana, nilikuwa huko Jumamosi! Alisema huku anacheka. Wakamshusha."

Nyamizi aliuacha mfuko palepale kizingitini, akaenda kituoni na kandambili zake.

"Shikamoo, mama," akasema Koplo Fungameza, maana alikuwa kijana mwenye adabu, hilo hatumnyimi.

"Marahaba. Mume wangu yuko wapi?"

"Mama, taarifa zote sasa ziko kwenye mfumo."

"Basi angalia humo kwenye mfumo."

"Naweza kuangalia. Kukwambia ndiyo siwezi. Taarifa inashirikishwa kwa wadau. Una kadi?"

"Sina. Nina mume."

Koplo akafungua droo, akamtolea kadi mpya ya njano, akamweleza taratibu kwa upole kama mtu anayemwelekeza mgeni choo. Kila chai, muhuri mmoja. Mihuri kumi, mtu anakuwa mdau kamili. Mdau kamili ana haki ya kuuliza swali moja, na mfumo utajibu papo hapo.

"Moja?"

"Moja, mama. Ukitaka mawili ni mihuri ishirini."

Chai ni mara moja kwa wiki. Nyamizi akahesabu kwa vidole mpaka vikamwishia. Wiki kumi! Tusi lilimpanda mpaka kwenye ulimi, akalimeza, maana aliyemshika mumeo humtukani mpaka amwachie. Akachukua kadi. Nje ya geti akalia, akajifuta na upande wa khanga, akaenda kukaanga vitumbua kwa hasira, na wateja wakasema vya siku ile viliungua.

*

Chai ya kwanza ilikwenda kwa hotuba. Mkuu wa kituo alizungumzia Umuhimu wa Umuhimu wa Taarifa. Alizungumza saa moja na dakika arobaini bila kurudia hata jambo moja, kwa kuwa hakukuwa na jambo.

Kisha ikaletwa kanuni mpya, habari moja kwa kila kikombe. Anayekunywa lazima aseme kitu alichokiona mtaani. Sasa Bondeni hapakuwa na mwizi wa kutosheleza watu mia na hamsini kila wiki. Watu wakaanza kutaja walichonacho. Bi Chausiku, jirani yake Nyamizi ukuta kwa ukuta, alisema mbuzi wa mtu fulani anamtazama vibaya. Muuza mkaa akasema jirani yake anakohoa. Aliyemfuata naye, kwa kuwa alikuwa hajajiandaa, akasema wake pia anakohoa. Ikawa nafuu ya mtaa mzima. Tujuane ikasambaza vikohozi mia tatu nchi nzima, na wiki iliyofuata makao makuu yakatoa tahadhari kwamba kuna kundi linawasiliana kwa kukohoa. Wazee wawili wenye pumu walikamatwa wakiwa wanapumua.

Ilipofika zamu ya Nyamizi akasimama, akasema, "Mimi habari yangu ni moja. Mume wangu, Lugendo Masanilo, fundi baiskeli, ameshushwa kwenye basi na hajarudi."

Koplo akaangalia kishikwambi. "Hiyo tunayo, mama. Lete mpya."

Watu wakainamia vikombe vyao. Bi Chausiku alimshika Nyamizi mkono, akamkalisha, akamwambia koplo aandike kwamba Nyamizi ameona paka. Ikaandikwa. Nyamizi akagongewa muhuri.

Chai ya nne mpishi wa kituo hakuonekana. Alikuwa amekwenda kumsalimu mama yake mkoa mwingine, akapita kizuizini. Mkuu wa kituo akatafuta mwanamke wa kupika, macho yakamwangukia Nyamizi. Naye akapika. Aliponda tangawizi, akatia iliki, akaacha majani yachemke mpaka rangi ikakolea, kwa sababu hakujua kupika chai mbaya hata kwa mtu anayemchukia. Moyoni alijipa matumaini. Akasema labda wakiipenda chai yangu watamwonea huruma mwenye mke. Askari walikunywa vikombe vitatu vitatu, wakamsifu, na mkuu wa kituo akasema kweli jamii na polisi wamekuwa kitu kimoja.

Chai ya tano Koplo Fungameza hakunywa. Nyamizi alimpelekea kikombe kama kawaida, akakikataa bila kumtazama, akasema tumbo. Nyamizi akadhani ni tangawizi. Wiki iliyofuata akaipunguza.

*

Jumamosi ya kumi Nyamizi alivaa gauni lake la kitenge, lile alilokwenda nalo harusini kwa mdogo wake. Alipika, akagawa, akakusanya vikombe, akavisuuza. Kisha akaja mezani na kadi yake. Koplo akagonga muhuri wa kumi. Muhuri ukatoka upande.

"Sasa mimi ni mdau," akasema Nyamizi.

"Ndiyo, mama."

"Lugendo Masanilo yuko wapi?"

Koplo hakuhitaji kutafuta. Alibonyeza mara moja tu, akasoma kwa sauti ndogo, macho yakiwa kwenye mashine.

"Hospitali ya mkoa wa kusini. Chumba cha maiti. Droo namba saba."

Nyuma yake watu walikuwa bado wanacheka kwa jambo jingine.

"Sababu?" akauliza Nyamizi. Hilo lilikuwa swali la pili, lakini koplo alilijibu, na mbele ya Mungu huenda likahesabiwa.

"Wameandika uchovu wa mahojiano."

"Lini?"

"Jumanne ile. Kabla ya chai ya tano."

Nyamizi akashika ukingo wa meza. "Wiki sita. Ulijua wiki sita?"

"Mfumo ni wa papo kwa papo, mama. Vituo vyote vilijua."

"Ulijua, nikakupikia chai!"

"Siku ile sikunywa," akasema koplo.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Kwa nini?"

"Ulikuwa na mihuri minne tu, mama."

Nyamizi alianguka magoti, akalia kilio ambacho Bondeni hawajakisahau. Alimwita mumewe kwa jina la utotoni. Aliwaita askari wauaji, mmoja mmoja, kwa vyeo vyao. Bi Chausiku na wanawake wengine wakamfunika khanga, wakamwinua. Mkuu wa kituo, aliyekuwa ndani, alichungulia dirishani, akauliza kama hiyo nayo ni habari mpya.

Walipokuwa wanamtoa, Koplo Fungameza aliwafuata mpaka getini. Alizungumza haraka, kama anayeiba.

"Kumchukua ni kadi ya kijani, mama. Nayo ina mihuri kumi. Au ipatikane amri yenye saini ya Kamishna Mkuu mwenyewe, mfumo ukiiona saini yake haubishi. Na usisafiri. Umefika kituoni mara kumi, na kila mara nimebonyeza kilekile kisanduku. Wewe sasa mfumo unakuita mtuhumiwa sugu."

"Kwa kupika chai."

"Kwa kupika chai, mama. Nisamehe."

"Sikusamehe," akasema Nyamizi.

*

Matanga yakakaliwa nyumbani kwake bila maiti. Kilichowekwa katikati ya mkeka ni ule mfuko wa safari. Watu walikaa kimya, kwa kuwa hawakujua wamlilie mtu aliyekufa wiki sita zilizopita au aliyekufa leo. Aliyejaribu kuwachangamsha ni Mwalimu Stambuli, mstaafu wa shule ya msingi Bondeni, mzee mwenye mwandiko ambao watu walikuwa wakimwomba aandike kadi za harusi.

"Zegega nimemwona kwa macho yangu," akasema. "Siku alipotembelea shule, alipita mezani kwangu akasaini daftari la mahudhurio la darasa la pili. Nilimwambia, mheshimiwa, hili si la wageni. Hakusikia. Jina limo, baina ya mtoto anaitwa Yunge na mtoto anaitwa Zuhra. Mwisho wa muhula mkaguzi akaja, akauliza, huyu Zegega ni nani, mbona mtoro?"

Watu wakacheka, kicheko cha matanga kile, cha kujificha nyuma ya mkono. Nyamizi hakucheka. Aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Hakusoma?"

"Asome nini? Yeye akiona ukurasa mweupe na kalamu, basi."

"Mwalimu," akasema Nyamizi, "mwandiko wako bado mzuri?"

*

Jumamosi iliyofuata Bondeni yote ilikwenda kwenye chai. Hata wagonjwa walibebwa. Lakini viti vya kituo havikukaliwa. Wanawake walitandika mikeka uani, khanga kichwani, wanaume wakakaa chini kando ya ukuta wa buluu, na chai ikamiminwa, ikapoa, ikapata utando, hakuna aliyeigusa. Askari walizunguka wakisema karibuni, karibuni. Kimya. Saa nzima walikaa hivyo, wakagongewa mihuri, wakaenda zao.

Koplo alihesabu watu mia mbili na kumi na wanne. Idadi kama hiyo haijawahi kuonekana nchini. Tujuane haina kisanduku cha chai isiyonywewa, kwa hiyo yenyewe iliona mafuriko ya upendo. Ikapiga kengele makao makuu, ikatuma pongezi, na Kamishna Mkuu Zegega akatangaza kwamba wiki ijayo atakwenda Bondeni mwenyewe kupiga picha na wananchi wanaoongoza kwa ushirikiano.

Alikuja na magari kumi na moja. Uani palipigwa turubai, na mlangoni palikuwa na meza iliyofunikwa kitambaa chekundu. Juu yake kulikuwa na kitabu kikubwa kimefunuliwa, na kalamu imefungwa utepe wa rangi za taifa. Nyuma ya meza alisimama Nyamizi, kitenge chake kimepigwa pasi.

Msidhani kitabu kile kilificha kitu. Hata! Mwalimu Stambuli alikuwa mtu wa haki, aliandika kwa herufi za kusomeka hata na asiye na miwani:

AMRI. Marehemu Lugendo Masanilo, fundi baiskeli wa Bondeni, aliyekufa mikononi mwetu kwa kosa la kunywa chai, arudishwe leo kwa mkewe Nyamizi akazikwe. Mke huyo apitishwe vizuizi vyote, aende na arudi, na asiguswe.

Chini yake palikuwa na mistari mitatu. Jina na cheo. Maoni. Saini.

Kamishna Mkuu alifika mezani akiwa bado anapungia mkono wapiga picha. Aliuona ukurasa, akasimama. Kamishna akainama. Akaangalia maandishi kwa muda, muda mrefu, na midomo yake ikacheza kama ya mtu anayesoma.

"Lo! Mwandiko gani huu!" akasema. "Nani kaandika? Hawa ndio walimu tunaowataka!"

Akashika kalamu. Kwenye jina na cheo alijaza mistari miwili, kwani vyeo vilikuwa vingi. Kwenye maoni akaandika: Nimefurahi sana, endeleeni hivyo hivyo. Kisha akasaini saini yake ile maarufu yenye mkia, mkia ukaenda mpaka ukazunguka jina la Lugendo. Kamera zikamulika.

"Karibu ndani, mheshimiwa," akasema Nyamizi.

Kanuni ya Tujuane inasema kila karatasi iliyosainiwa na Kamishna Mkuu ipigwe picha hapohapo na kusambazwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Koplo Fungameza. Alikuja na kishikwambi, akainamia kitabu, na tofauti na bosi wake, yeye alisoma. Nyamizi aliona shingo ya yule kijana inalowa jasho. Akainua macho, wakatazamana. Nyuma yao Kamishna Mkuu alikuwa ameshaanza, "Ndugu wananchi, zamani polisi alikuwa anamjua mwizi tu..."

Neno moja tu kutoka kwa koplo, na Nyamizi angekuwa kwenye gari la nyuma.

"Kanuni ni kanuni," akasema Koplo Fungameza, kama anayejisemea. Akapiga picha. Akabonyeza. Kishikwambi kikasema ahsante, na vituo mia moja na kumi na viwili vikapokea.

*

Nyamizi na Bi Chausiku waliondoka palepale, hotuba ikiwa katikati, kwa gari la muuza mkaa. Kwenye kizuizi cha kwanza mashine iliwaka nyekundu, askari akashika bunduki. Kisha ikalia kengele nyingine, ikaonyesha ukurasa wa Mwalimu Stambuli. Askari akausoma mpaka chini, akasoma na maoni, akapiga saluti. Ikawa hivyo kizuizi cha pili. Kwenye cha tatu, pale alipokuwa ameshushwa Lugendo, Nyamizi hakuangalia nje.

Hospitalini mhudumu wa chumba cha maiti alifungua droo namba saba bila swali, kwa vile mfumo ulikuwa umekwisha kumwambia kwamba Kamishna Mkuu amefurahi sana. Nitawaambia nini? Nyamizi alimtambua kwa vidole vyake vyenye nyufa zilizojaa mafuta ya cheni, kwa sababu uso haukutambulika. Alimshika mkono ule, akauweka shavuni mwake, mpaka Bi Chausiku akamwambia twende, mdogo wangu, njia ni ndefu. Mhudumu akampa mfuko wa nailoni wenye vitu vya marehemu. Ndani mlikuwa na shati, ufunguo wa spoku, na Kadi ya Mdau yenye muhuri mmoja.

Makao makuu waligundua siku ya Jumatatu. Kamishna Mkuu aliambiwa alichosaini, akanguruma, akataka watu wakamatwe. Lakini wasaidizi wake wakamnong'oneza kwamba kufuta amri itabidi kwanza atangaze kuwa hakusoma. Akatulia. Jioni akahutubia taifa redioni, akazindua huduma mpya iitwayo Rudisha Ndugu, akasema wazo hilo alilipata kwenye semina. Akaagiza pia Tujuane ifanyiwe maboresho. Ikaongezwa kisanduku cha tano, Chai, na rekodi ya Lugendo ikasahihishwa. Leo ukimtafuta humo utaona hana tuhuma yoyote. Sababu ya kufika kituoni, Chai. Hali ya sasa, marehemu. Wakampelekea mkewe ujumbe wa simu kumjulisha kwamba jina la mumewe limesafishwa.

*

Lugendo alizikwa Jumapili, kabla ya ujumbe huo. Bondeni yote ilikuwepo makaburini. Jeneza liliposhushwa, watu wakaona Koplo Fungameza anapanda kilima peke yake, na sare yake, na kishikwambi kwapani, maana alikuwa ameagizwa kuandikisha waliohudhuria. Wanaume wakaacha kufukia. Muuza mkaa alishika jiwe. Nyamizi akamzuia kwa mkono, akamwendea yule koplo mpaka wakabaki hatua moja.

"Jina?" akamuuliza.

Koplo akashangaa. "Fungameza, mama."

"Sababu ya kufika?"

Koplo Fungameza akatazama mashine yake, kana kwamba jibu limo humo. Visanduku vilikuwa bado vinne.

"Nimekuja kuzika, mama," akasema, na machozi yakamtoka.

"Hukusamehewa," akasema Nyamizi. "Weka hiyo chini, shika koleo."

Akaiweka, akashika koleo, akafukia mpaka mwisho bila mtu kumpokea.